Pesa Imekatwa, Nani Alipe?

Wadau, leo tuzungumzie makato. Ya mshahara tumeshayalilia vya kutosha, kwa hiyo tuyaache. Nazungumzia makato ya akaunti za malipo ya mtandaoni. Unaamka asubuhi, unafungua barua pepe, unakuta umelipa dola 39.99 kwenye duka ambalo hujawahi kulisikia, liko nchi ambayo hujawahi kukanyaga. Hukununua kitu. Hata mkeo hakununua, umeshamhoji.

Vijana wengi mjini sasa wana akaunti ya PayPal, au kadi ya Visa iliyofungwa na laini ya simu, maana bila hiyo hulipii filamu, hulipii kozi, hulipii jina la tovuti yako. Na kila nikikaa nao nasikia hadithi mbili. Wa kwanza anasema: nililalamika, wiki mbili zikapita, pesa ikarudi yote. Wa pili anasema: kaka, imekula kwangu. Ukiwauliza kwa nini mmoja alirudishiwa na mwingine hakurudishiwa, wanakwambia bahati.

Nimekuwa nikiifuatilia hii bahati kwa muda, na naona ina miaka yake na ina vifungu vyake vya sheria. Swali la nani alipe pale mwizi anapopita limeshapiganiwa na watu wengine kabla yetu, mahakamani na bungeni, na majibu yao ndiyo yanayoamua kama utarudishiwa zile dola 39.99.

Tuanzie Fresno, mji wa California. Septemba 1958, benki iitwayo Bank of America iliwatumia wakazi wa mji huo kadi 60,000 za mkopo kwa posta. Hakuna aliyeziomba. Unafungua bahasha, unakuta kadi, ni mali yako, nenda kanunue. Aliyebuni mpango huo, Joseph Williams, alikuwa amekadiria kwamba asilimia 4 ya wateja watachelewa kulipa. Ikaja asilimia 22. Benki ikatangaza hasara ya zaidi ya dola milioni 8.8, na Williams akaondoka kabla mwaka 1959 haujaisha. Kadi yenyewe haikufa. Ndiyo hiyo baadaye ikaitwa Visa.

Benki nyingine hazikujifunza. Mwaka 1966, karibu na Krismasi, benki za Chicago zilimwaga kadi zipatazo milioni 5 kwenye masanduku ya barua. Wezi nao wanajua kusoma kalenda. Bahasha zikaanza kupotea njiani, na kuna watu waliopata madai ya manunuzi kwa kadi ambayo hawakuwahi kuiona kwa macho yao. Hebu jiweke hapo. Hukuomba kadi, kadi haikufika, na sasa unadaiwa.

Wabunge wa Marekani wakachoka. Mwaka 1970 walipitisha sheria yenye mambo mawili: ni marufuku kumtumia mtu kadi ya mkopo ambayo hakuiomba, na kadi ikitumiwa na mtu asiyeruhusiwa, mwenye kadi hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Mwaka 1974 ikaja nyingine ya kupanga utaratibu wa malalamiko. Mteja ana siku 60 tangu atumiwe taarifa ya matumizi kuandika kwamba hili silitambui. Mtoa kadi ana siku 30 za kukiri kwamba amepokea, na siku zisizozidi 90 za kumaliza shauri. Wakati huo wote haruhusiwi kumkaba mteja alipe kile kinachobishaniwa. Mwaka 1978 ikafuata sheria ya pesa zinazohamishwa kielektroniki, yaani zinazotoka moja kwa moja kwenye akaunti yako. Hii ni kali kidogo kwa mteja anayechelewa. Ukipotelewa na kadi, toa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue na hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa, inaweza kufika dola 500. Siku 60 zikipita tangu utumiwe taarifa ya akaunti nawe umekaa kimya, wizi unaoendelea baada ya hapo unaweza kuubeba wewe wote.

Najua tarehe zinachosha. Lakini angalia kilichofanyika hapo. Wabunge wale hawakukamata mwizi hata mmoja. Walihamisha tu hasara, wakaitoa kwa mteja wakaipeleka kwa benki.

Miaka miwili baada ya sheria ya 1978, mwanamke mmoja wa New York aliipeleka Citibank mahakamani. Akaunti yake ilikuwa imetolewa dola 800 kwenye mashine, kwa mara mbili, Februari na Machi 1980, saa za mchana. Yeye akasema saa hizo nilikuwa kazini, na barua ya mwajiri hii hapa. Benki ikaja na karatasi zake za kompyuta: mashine inaonyesha kadi yako na namba yako ya siri vilitumika, kwa hiyo ni wewe au mtu uliyempa. Hakimu akajiuliza amwamini nani, mtu aliyesimama mbele yake akiapa, au karatasi iliyotoka kwenye mashine. Akamwamini mtu. Benki ikaamriwa irudishe dola 800 pamoja na riba.

Sasa vuka bahari uende Uingereza, ambako mambo yalikuwa kinyume kabisa.

Huko, miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wateja walilalamika kwa wingi kuhusu pesa zilizotoka kwenye mashine bila wao kujua. Benki zilikuwa na jibu moja kama kasuku: mfumo wetu haukosei. Namba ya siri unaijua wewe peke yako, basi umetoa wewe, au mwanao, au unatudanganya. Mzigo wa kuthibitisha ukawa wa mteja, na mteja atathibitishaje kilichotokea ndani ya mashine ya benki?

Mtu aliyewaumbua ni Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Cambridge, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1993 alichapisha utafiti wa jinsi mifumo ya benki inavyoibiwa hasa, na humo hakuna hesabu za ajabu wala majasusi. Kuna foleni. Watu wawili walitiwa hatiani Bristol, Februari 1992, kwa mbinu ambayo mtoto wa darasa la saba angeielewa. Walikuwa wanasimama kwenye foleni ya mashine, wanachungulia mteja anavyobonyeza namba ya siri, kisha wanaokota risiti aliyoitupa. Kwa nini risiti? Kwa sababu benki ilikuwa inachapa namba nzima ya akaunti juu yake. Wanaichukua namba hiyo, wanaiingiza kwenye kadi tupu, wanarudi kutoa pesa. Na mbinu hiyo ilikuwa imeshatumika New York miaka kadhaa nyuma na kutangazwa. Kule, benki iliyoibiwa ilijaza walinzi mtaani mpaka ikamdaka mwizi, fundi wa mashine aliyefukuzwa kazi, akiwa amekwishachota zaidi ya dola 80,000. Benki za Uingereza zikaendelea kuchapa namba nzima. Kwa nini zihangaike? Hasara haikuwa yao.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha askari polisi mmoja wa kijijini huko Cambridgeshire. Alirudi safari akakuta pesa zimetolewa mara sita kwenye akaunti yake, jumla paundi 460. Akaenda kulalamika kwa taasisi ya fedha ya Halifax. Wao wakasema mfumo ni salama, na mwenye uongo ni yeye. Askari akashitakiwa kwa kujaribu kujipatia pesa kwa udanganyifu, na Februari 1994 akatiwa hatiani. Mtu amekwenda kuripoti wizi, amerudi na rekodi ya jinai! Aliponea kwenye rufaa. Upande wake uliomba mtaalamu wake aruhusiwe kuikagua mifumo hiyo ambayo inasemekana haikosei. Halifax ikakataa. Mwaka 1996 mahakama ikamwachia, kwa mantiki ambayo naipenda sana: kama hutaki mashine yako ikaguliwe, usiilete hapa iwe shahidi.

Anderson aliligeuza hili kuwa hoja ya kiuchumi. Benki za Marekani, ambazo sheria ilizibana zilipe, hazikuwa zinatumia pesa nyingi kwenye ulinzi kuliko zile za Uingereza. Zilitumia kidogo, ila mahali panapostahili, kwa sababu kila tundu lilikuwa linawatoka wao mfukoni. Za Uingereza zilibweteka, zikaishia kupata wimbi la wizi.

Na hapa ndipo PayPal inapoingia.

Kampuni iliyokuja kuwa PayPal ilianzishwa mwishoni mwa 1998, huduma yenyewe ikaanza 1999. Ili kuvuta watu ilikuwa inagawa dola 10 kwa anayejiunga na dola 10 kwa aliyemleta. Unaweza kukisia waliokuja wa kwanza. Kuna watu walioandika programu za kufungua akaunti zenyewe kwa zenyewe, mamia kwa mamia. Wengine walikuja na kitu kibaya zaidi: namba za kadi za wizi. Mchezo ulikuwa hivi. Fungua akaunti kwa jina lolote, iunganishe na kadi ya mtu, tuma pesa kwenda akaunti ya pili, toa, potea. Mwezi ukiisha, mwenye kadi kule Ohio anasoma taarifa yake, anapiga simu benki: hili silitambui. Sheria ya 1974 inafanya kazi yake. Benki inamrudishia mteja, kisha inamgeukia aliyepokea malipo, yaani PayPal. PayPal inamtafuta mwizi. Mwizi hayupo.

Julai 2000 wezi wakaja na mlango mwingine. Walituma barua pepe za kuwaambia watu wameingiziwa pesa, bonyeza hapa. Anwani iliandikwa PayPal, isipokuwa herufi ya mwisho haikuwa l. Ilikuwa i kubwa, ambayo kwenye maandishi mengi ya kompyuta zinafanana kama mapacha. Ukiingiza nywila yako hapo, umeshaitoa. Hila hiyo bado inatumika leo, herufi tu ndizo zinabadilika.

Peter Thiel, mmoja wa waanzilishi, ameandika kwamba kufikia katikati ya 2000 kampuni ilikuwa inapoteza zaidi ya dola milioni 10 kila mwezi kwa wizi wa kadi. Wangekuwa benki ya Uingereza ya 1990, wangemwambia mteja: nywila ni yako, jijue. Hawakuwa na nafasi hiyo. Ama wamzuie mwizi, ama wafe.

Kazi ilimwangukia Max Levchin, mwenzake Thiel, kijana aliyezaliwa Kyiv na kuhamia Chicago mwaka 1991 akiwa na miaka 16. Kwanza walijaribu kuiachia kompyuta kila kitu: ikiona muamala wa kutilia shaka, iukatae. Wezi waliijua ndani ya saa moja au mbili, wakabadili mbinu. Watu nao peke yao hawakuweza, miamala ilikuwa mingi mno. Suluhisho likawa kuwachanganya. Kompyuta inachambua rundo zima na kuwawekea wapelelezi ile michache inayonuka, kisha binadamu anaamua. Mfumo huo wakauita Igor, jina la tapeli wa Kirusi aliyewatambia kwamba hawatamweza. Thiel anasema ndio uliowawezesha kupata faida yao ya kwanza ya robo mwaka, mwanzoni mwa 2002. Oktoba mwaka huohuo eBay ikainunua PayPal kwa dola bilioni 1.5.

Zile herufi zilizopinda unazotakiwa kuzisoma kabla ya kufungua akaunti, zinazokufanya ujihisi hukwenda shule? Levchin na mhandisi wake David Gausebeck walikuwa kati ya wa kwanza kuziweka kwenye biashara, ili programu zishindwe. Na ule utaratibu wa kukuingizia senti kidogo benki mara mbili kisha kukuuliza ni senti ngapi, ili uthibitishe akaunti ni yako? Nao ulizaliwa hapohapo. Zote mbili zina mzazi mmoja, nao ni hasara iliyokataa kwenda kwa mteja.

Wezi wenyewe mara chache walikamatwa. Kuna wawili wanaojulikana, Alexey Ivanov na Vasiliy Gorshkov, kutoka Chelyabinsk, Urusi. Walikuwa na namba za kadi za wizi na programu za kufungua akaunti za PayPal, na kwenye eBay walijiuzia wao wenyewe vitu. FBI ikafungua kampuni hewa Seattle, ikaiita Invita, ikawaalika kwenye usaili wa kazi Novemba 2000. Wakaja na ndege! Wakaombwa waonyeshe ujuzi wao kwenye kompyuta ambayo ilikuwa inanakili kila herufi wanayobonyeza. Kwa nywila hizo maofisa wakaingia kwenye mashine zilizoko Urusi na kukomba ushahidi. Gorshkov akafungwa miezi 36, Ivanov miezi 48. Warusi hawakufurahi: mwaka 2002 idara yao ya usalama ilimfungulia ofisa wa FBI mashitaka ya udukuzi. Ningependa kuandika habari ya namna hiyo siku moja.

Turudi nyumbani, maana najua mnasubiri.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na imejengwa kinyume cha kadi. Kwenye kadi, muuzaji ndiye anayevuta pesa kwako. Ile namba ya tarakimu 16 uliyompa jana inaweza kuvuta tena kesho, na ndiyo maana wizi wa kadi ni wizi wa namba. Kwenye simu wewe ndiye unayesukuma, kwa kuweka namba ya siri kila mara. Hakuna duka la mbali linaloweza kukuchota. Kwa usalama huo nawavulia kofia waliobuni. Lakini mwizi naye anasoma ramani. Kama mlango ni wewe, atabisha hodi kwako. Ndiyo ukapata "ile hela tuma kwenye namba hii", ujumbe ambao nadhani kila mwenye simu Tanzania ameshaupokea. Aliyekuwa anasubiri namba ya mwenye nyumba kweli, anatuma. Na akienda kulalamika, rekodi inaonyesha nini? Namba ya siri imewekwa, na mwenye laini ndiye aliyeiweka. Ni karatasi ileile ya Citibank ya 1980.

Kwa hiyo yule aliyerudishiwa na yule aliyeliwa hawakutofautiana bahati. Mmoja alikatwa kupitia kadi, akaangukia kwenye taratibu zilizozaliwa na sheria za Marekani za miaka ya 1970, ambazo mitandao ya kadi imezisambaza dunia nzima. Mwingine alisukuma mwenyewe, akidanganywa. Na kuna wa tatu, ambaye alikatwa kwa kadi lakini akanyamaza miezi minne. Huyo aangalie tarehe hapo juu. Kama makato yamekukuta wewe, lalamika kwa maandishi kwenye akaunti ya malipo siku hiyohiyo, kisha kwa benki iliyotoa kadi, uombe namba ya shauri, ubadili nywila kabla hujalala. Na usidharau kato la dola moja. Wezi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo kwanza, kuona kama mwenyewe yuko macho.

Kilichonifanya niandike leo, lakini, ni Uingereza. Nchi ileile iliyomtia askari wake hatiani kwa kulalamika. Kuanzia tarehe 7 Oktoba 2024, mteja wa kule akidanganywa akasukuma pesa mwenyewe, kwa mkono wake na nywila yake, kwenda akaunti ya tapeli, kampuni za malipo zinatakiwa kumrudishia hadi paundi 85,000, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi. Gharama inagawanywa katikati: nusu inalipa benki iliyotuma, nusu benki iliyopokea. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonisimamisha. Benki iliyopokea inalipa kwa sababu ndiyo iliyomfungulia tapeli akaunti.

Sisi tulipangwa foleni tukaweka alama za vidole kusajili laini, mpaka tarehe ya mwisho ya Januari 20, 2020. Tukaambiwa kila namba sasa ina mwenyewe. Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" haukukoma, na TCRA ikatupa namba 15040 ya kuupeleka. Sawa, tunaupeleka. Ila ile laini iliyopokea pesa ilisajiliwa kwa kidole cha mtu, mbele ya wakala, kwa jina la kampuni. Swali langu kwa kampuni za simu, ambalo nimeshaliweka kwenye orodha ya mahojiano yangu, ni fupi: katika hasara ya mteja aliyedanganywa, upande uliosajili laini iliyopokea unachangia shilingi ngapi?